Kabla Hujamwaga Zege

Kihonda, Morogoro
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba Zuhura, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Zuhura na kwa watoto wote. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya asubuhi ndiyo inatuandama. Nimefurahi mno kusikia kwamba kiwanja cha nyuma umeshakisafisha na wiki ijayo unaleta fundi akujengee banda la useremala. Nimeona nikae nikuandikie kwa kirefu kabla zege halijamwagwa, maana mimi nililijenga la kwangu kwanza, kupanga nikaacha kwa baadaye, na miaka sita nimehangaika nalo.

Sikukwambia kwenye simu, lakini mwezi wa pili nusura banda liungue. Jioni ile nilinoa kisu cha randa kwenye grainda, cheche zikarukia maranda yaliyokuwa chini ya meza. Sikuona kitu. Nikafunga mlango, nikala, nikalala. Kwenye saa tano usiku Mama Neema akaniamsha, anasema anasikia harufu ya mbao kuungua. Nilipofungua hapakuwa na mwali. Palikuwa na duara jekundu, upana wa sahani, linatafuna lundo la maranda polepole, na hatua moja tu kutoka pale kulikuwa na galoni la tina, ile ya kuyeyushia rangi inayoshika moto upesi. Nilimwaga ndoo tatu za maji, kisha nikakaa kizingitini mpaka alfajiri, kwa sababu sikuamini kwamba moto umezimika.

Kwa nini grainda ilikuwa jirani na tina? Kwa sababu soketi ilikuwa moja, na rafu ya rangi ilikuwa juu yake tangu siku ya kwanza. Hakuna siku niliyoamua iwe hivyo. Kila kitu humo ndani kilikuwa pale kilipotuliwa siku kilipoletwa. Mashine ya kupasulia ilikuwa pembeni kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuingia, na ubao wa futi 14 haukuweza kupita bila kuutoa nje ya mlango. Mvua ikinyesha, kazi imesimama.

Asubuhi yake nilichukua ubao mmoja wa futi 12, inchi moja kwa nane, nikajifanya natengeneza rafu. Nikautembeza humo ndani: kutoka unapolala, hadi kwenye kupasua, kuranda, kukata kwa kipimo, kutoboa matundu, kupiga msasa, hadi kwenye vanishi. Kila nilipokanyaga nikachora kwa chaki. Nilipomaliza sakafu ilikuwa kama mahali kuku walipogombania mtama. Mara nne nilikuwa nimevuka njia yangu mwenyewe, na mara mbili niliuinua ubao juu ya benchi ili nipite.

Basi nakuomba ufanye hivyo wewe sasa, kwenye udongo mtupu, kabla ya tofali hata moja. Chukua ubao wako mrefu kuliko wote na chaki au majivu, uutembeze. Uanzie getini. Pale ubao unapotaka kupita ndipo pasiwe na ukuta, nguzo wala meza.

Kwangu sasa iko hivi. Banda ni futi 14 kwa 22. Mbao zinaingia kwa mlango mkubwa na kulala kwenye ukuta mrefu. Mashine ya kupasulia nimeivuta katikati, mbele na nyuma yake pako wazi, na meza ya kupokea ubao nimeishusha kidogo tu chini ya usawa wa mashine ili ubao usigote ukitoka. Mashine ya kuranda inafuata mstari huohuo. Benchi la kazi za mkono liko chini ya dirisha la kusini. Hapa petu jua liko upande wa kaskazini miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo dirisha la kusini linakupa mwanga mtulivu usiokupofusha, na huko kwako Tanga ni vivyo hivyo. Kivuli cha patasi kinakaa mahali pamoja, unaona mstari wa penseli bila kukunja shingo. Ningejua hili mapema, macho yangu yasingechoka kiasi hiki.

Urefu wa benchi usiupime kwa benchi la mtu mwingine. Simama wima, mkono uning'inie, ukunje ngumi: benchi la kurandia liishie pale kwenye vifundo vya ngumi. La zamani lilinifika kiunoni, nikawa naranda kwa mabega. Sasa naranda kwa uzito wa mwili, na ule mgongo niliokuwa nakulalamikia umetulia.

Vifaa vya mkono nimevitundika kwa namna moja ambayo nataka uione siku ukija. Unachukua ubao wa inchi moja, unaupasua kwa urefu ukiwa umeinamisha kisu cha msumeno nyuzi 45. Unapata vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari. Kimoja unakipiga skrubu ukutani, mshazari ukitazama juu na ndani. Cha pili unakifunga nyuma ya kirafu cha patasi, mshazari ukitazama chini. Ukikiweka kirafu, kinajikaza chenyewe kwa uzito wake. Nimezungusha vipande hivyo ukuta mzima wa nyuma ya benchi. Leo nikichonga kiungo cha ulimi na tundu, nasogeza kirafu cha patasi na cha msumeno mdogo karibu na jiliwa, kile chuma cha kubania ubao. Kesho nikiwa na kazi ya kupiga msasa, navisogeza kando bila kung'oa msumari. Patasi zangu ni sita, na jioni natazama mara moja tu kujua kama zote zimerudi.

Kuhusu mbao, hapo Tanga uwe makini kuliko mimi. Zipange juu ya matofali, futi moja kutoka chini, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi moja, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja, la sivyo ubao utapinda pale pasipo na mhimili. Miguu ya chanja ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa. Na ukumbuke kwamba ubao uliokauka kwenye unyevu wa pwani haujakauka kwa Dodoma. Mwaka juzi niliuza meza ya mkaratusi kule, uso wake nikiwa nimeukaza kwa gundi na skrubu pande zote. Miezi mitatu baadaye mteja akanipigia: umepasuka katikati, ufa unaingiza sarafu. Ubao hunywea kwa upana wake, kwa urefu karibu hausogei, na mimi nilikuwa nimeufunga usisogee popote. Nilimtengenezea mwingine bure. Mtiki wa shamba la Longuza unaoupata wewe huko hauna fujo kama mkaratusi, lakini nao upe muda.

Umeme usiufanyie ubahili. Mota ya nguvu farasi mbili ukiiwasha kupitia ekstensheni nyembamba ya mita 20, inaguna, inachemka, na mwisho inaungua. Mwambie fundi apitishe waya wa milimita 2.5 za mraba kwa soketi, kila mashine iwe na yake, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, isiachwe.

La mwisho ni vumbi, na hapa nakuomba kama ndugu. Mninga ndiyo mbao ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonipigisha chafya na kuniwasha mikono. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani tangu 1995. Sisi tulifundishwa kufunga kitambaa puani. Nunua barakoa ya kweli ya vumbi, na weka madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Mimi sasa nafagia kila jioni kabla ya kufunga. Jirani anayefuga kuku anapitia viroba vya maranda ya msindano saa kumi na mbili, na siku nikichelewa ananigongea. Rangi, tina na vanishi nimevihamishia kibandani nje, na grainda iko kwenye kona ya saruji tupu.

Naomba unipimie upana wa kiwanja kwa futi, na uniambie geti linatazama wapi na upepo wa bahari unaingilia upande gani. Ukinitumia kabla ya Alhamisi nitakuchorea. Ile jiliwa ya chuma uliyoipenda ulipokuja msiba wa mama nimeisafisha kutu na kuipaka grisi. Nimeifunga kwenye kiroba, naipakia kwenye basi la Jumatano asubuhi. Ni nzito, nenda stendi na kijana wa kukusaidia.

Wasalaam,
rafiki yako,
Baba Neema