Risala ya Wasichana wa Kikundi cha Sala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Somo Wetu Camilla Battista

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Mkuu wa Shirika,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Baba Paroko, masista, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunakushukuru, Mama, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi katika bwalo hili ambalo, utusamehe, bado linanukia maharage ya mchana.

Tulipokuwa tunatafuta somo wa kikundi, mwenzetu mmoja aliuliza kama yupo mtakatifu aliyewahi kupenda kucheza muziki. Tulicheka. Sista mlezi hakucheka. Alitutajia Camilla da Varano.

Camilla alizaliwa tarehe 9 Aprili 1458 huko Camerino, mji wa milimani katikati ya Italia, binti wa mtawala wa mji huo, Giulio Cesare da Varano. Alizaliwa nje ya ndoa, lakini mke wa baba yake, Giovanna Malatesta, alimlea kasrini kama mwanawe. Alifundishwa Kilatini, akapiga muziki, akaimba, akacheza, akavaa vizuri. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba siku hizo watawa hakutaka hata kuwaona. Mama, sehemu hiyo tuliisoma mara mbili.

Akiwa bado mtoto, wa miaka minane hivi au kumi, alisikia mahubiri ya Ijumaa Kuu. Mhubiri aliwaomba watu walie walau chozi moja kila Ijumaa kwa kukumbuka mateso ya Bwana. Camilla akaweka nadhiri. Chozi moja tu! Lakini jaribu, Mama, kulia kwa ratiba. Anasimulia kwamba ilimpa taabu, na kachozi kakishadondoka aliinuka upesi akakimbilia michezo yake. Hapo ndipo tulipompenda. Hakujifanya mkubwa kuliko alivyokuwa, ila Ijumaa ilipofika, alirudi.

Miaka ikapita, kachozi kale kakawa sala ndefu. Baba yake alikuwa na mipango ya kumwoza, kama watawala wa enzi zile walivyofanya kwa mabinti, maana harusi moja iliweza kufunga mkataba kati ya miji miwili. Lakini Camilla alitaka utawa. Baba alimbembeleza aache, akamkatalia ruhusa, mwisho akakubali. Mwaka 1481, akiwa na miaka 23, Camilla aliingia kwa Masista Waklara, watawa wa Mtakatifu Klara, katika mji wa Urbino, na kuitwa Sista Battista. Baba hakuvumilia kuwa mbali naye. Alitengeneza monasteri hapo hapo Camerino, na mwaka 1484 binti akarudi na wenzake kukaa humo. Mwaka 1488 aliandika juu ya maumivu ya rohoni ya Yesu katika mateso yake.

Linalofuata ni gumu kusomwa mbele ya masista, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1502 Cesare Borgia, mtoto wa Papa Aleksanda wa Sita, aliuteka Camerino. Baba yake Camilla na ndugu zake watatu wa kiume waliuawa. Sista Battista alikimbia. Watu wa mji wa Fermo waliogopa kumpokea wasije wakamkasirisha Borgia, akaenda hadi Atri, katika Ufalme wa Naples. Aliporudi, hakukaa kuhesabu maadui: mwaka 1505 alikwenda kuanzisha monasteri katika mji ule ule wa Fermo uliomfungia mlango. Alifariki Camerino tarehe 31 Mei 1524, wakati wa tauni. Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu hukutana kila Ijumaa baada ya usafi wa mabweni. Tunasali, tunasoma, na siku nyingine, tukiri, tunasinzia.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni kinanda. Hiki tulicho nacho kina vitufe vitatu visivyotoa sauti, na bahati mbaya kimojawapo ndicho tunachoanzia karibu kila wimbo. Tukipata kingine, hata kilichotumika, tutakipokea kwa vigelegele.

La pili halihitaji fedha. Wenzetu wawili wa kidato cha nne waliandika barua za kuomba kujiunga na utawa. Barua moja ilichanwa nyumbani na baba. Hatuombi alazimishwe, wala hatusemi ana moyo mgumu; Giulio Cesare naye alihitaji muda. Tunaomba tu, baada ya chakula, ukae naye dakika chache. Yumo humu ukumbini, na amevaa tai.

Tunakutakia safari njema ya kurudi, na tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanao,
Wasichana wa Kikundi cha Sala