Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: kabla ya ukumbi, tujaribu benchi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wiki haipiti bila mtu mzima kuja kupima presha aliyoipima juzi. Haumwi kitu kipya, ni upweke. Anakaa, anauliza habari za watoto wangu, anachelewa kuondoka. Mmoja wao, mzee aliyefanya kazi ya mgodi hadi kazi ikaisha, mke amemzika, watoto wako mbali, aliniambia: "Mwanangu, tangu Jumapili sijaongea na mtu." Ilikuwa Alhamisi.

Wanaume wa umri wake ndio wananitia hofu zaidi. Mama ana likelemba (kundi la kuchangiana pesa kwa zamu) na kundi la kanisa. Baba akipoteza kazi, amepoteza na wenzake.

Tukitaja kusaidia watu hawa wenye upweke, wazo la kwanza huwa ni jengo: ukumbi, viti, jenereta, mlinzi. Naomba tuanze na kitu cha bei ndogo.

Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mama wazee wa mitaa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza mtu na kutafuta naye hatua ya kutatua shida yake. Utafiti wa watu 573 uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 wenye dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) walikuwa kama 14 kwa mia upande wa benchi, na 50 kwa mia kwa waliopata huduma ya kawaida. Walipima sonona, si upweke, kwa hiyo siwezi kukuahidi matokeo yaleyale. Lakini gharama yake ni mafunzo na posho ya wale mama. Benchi tunazo.

Pengine utaletewa pia hesabu ya Uingereza ya 2017: pauni 1 ya kupunguza upweke inaweza kuokoa hadi pauni 3. Tafadhali usiipokee ilivyo. Kule serikali ndiyo inayolipa hospitali. Mtu asipougua, pesa inabaki serikalini. Hapa familia ndiyo inayolipa fishi (kadi ya matibabu), dawa na kitanda. Faida itabaki kwa mama anayeuza makala (mkaa) Katuba, na kitabu cha hesabu cha jimbo hakitaiona kamwe.

Basi tuhesabu watu. Kuna maswali 3 mafupi: ni mara ngapi unajisikia umekosa mwenzi, umeachwa nje, umetengwa? Kila jibu lina alama 1 hadi 3. Tuulize kabla, tuulize tena baada ya miezi 6, kisha tugawe gharama yote kwa idadi ya watu ambao alama zao zimeshuka. Vituo viwili vianze na viwili visubiri, maana upweke wa mfiwa wakati mwingine hupungua wenyewe, na tusije tukajisifu kwa kazi iliyofanywa na muda wenyewe.

Kituoni kwetu niko tayari kuanza kuuliza maswali hayo mwezi ujao, bila malipo. Ninachohitaji ni barua yako ya ruhusa.

Muuguzi wa Katuba