Hata pole hajaja kunipa, na mimi nishasaini karatasi

Shikamoo anti. Sa hizi ni saa tisa usiku, mtoto kalala hapa pembeni yangu maana chumbani kwao hataki tena, mbwa akibweka hata kule barabarani anashtuka ananishika shingo. Mi mwenyewe usingizi sina toka juzi, kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo.

Anti, yule mama ambaye mbwa wake kamng'ata mwanangu tunasali jumuiya moja. Kwake na kwangu ni nyumba ya nne tu, akikohoa nasikia. Siku ile aliagiza trei ya mayai yeye mwenyewe, meseji ninayo sijafuta, nikamtuma mtoto. Ana miaka 9, pale kashaenda mara nyingi, sikumtuma sehemu mbaya naomba hilo lieleweke. Ilikuwa mchana, na mbwa wao mtaa mzima tunajua anafunguliwa usiku. Siku hiyo alikuwa ameachiwa na geti dogo liko wazi. Kamng'ata paja, na mkono alipokuwa anajikinga uso. Nilisikia ile kelele nikajua ni wangu.

Nikamwosha kwa sabuni na maji ya bomba yanatiririka karibu robo saa, kuna watu walitaka kumpaka mafuta ya taa nikakataa. Polisi nikachukua PF3, ile fomu ya kwenda kutibiwa, zahanati wakasema chanjo ya kichaa cha mbwa hawana, tukaenda hospitali kubwa. Sindano 5 anti, ya siku ile ile, ya siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kila moja elfu 30 mfukoni kwetu, hapo sijahesabu kusafisha kidonda na bodaboda za kwenda na kurudi, na siku ambazo genge sikufungua.

Sasa yeye akafanya nini? Akamtuma binti wa kazi na bahasha. Elfu 60. Binti anasema "mama kasema mnunulie mtoto juisi". Anti mtu wa nyumba ya nne, mwanangu kashonwa, unatuma bahasha? Hakuja. Hakupiga hata simu. Afu nasikia kwa mama mwenzetu kwamba anasema mtoto alimchokoza mbwa. Mtoto aliyebeba trei ya mayai kwa mikono miwili anachokozaje mbwa?

Najua watasema mimi sina shukrani, maana mwaka juzi mume alipoumwa huyo mama alinikopesha laki 2. Ni kweli. Lakini nilimrudishia yote, haijabaki hata mia, na wa vikoba ni mashahidi. Deni la hela nimelipa, sidhani kama nilitakiwa nilipe na mguu wa mtoto.

Tulipoitwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuja mume wake, yeye tena hakuja. Mimi nilikuwa natoka kumchoma mtoto sindano ya pili, sijala toka asubuhi. Wakaandika karatasi kwamba nimepokea elfu 60, tumeelewana na sina madai mengine yoyote. Nikasaini. Sindano ya tatu ilikuwa inakuja na hela ilikuwa hiyo hiyo ya kwenye bahasha, ningefanyaje? Mume wangu alikuwa safarini, kurudi tu akaniambia nimeuza kidonda cha mwanae. Mpaka leo hatuongei vizuri. Na kile kidonda cha paja baadaye kikatunga usaha tukarudi tena hospitali, hayo kwenye karatasi hayamo.

Afisa mifugo wa kata alifika akaomba cheti cha chanjo ya mbwa, hakikuonekana. Na kila mwaka ile siku ya kichaa cha mbwa, 28 Septemba, huku kwetu wanachanja bure kabisa, watoto ndo wanawaburuta mbwa kwa kamba! Akaamuru mbwa afungwe siku 10 aangaliwe. Nashukuru Mungu hakufa wala hakuonyesha dalili, ila zile siku 10 nilikuwa naenda kuchungulia getini kama ana uhai, naona aibu kusema.

Polisi niliporudisha PF3 wakaniambia mmeshamalizana mtaani unataka nini tena. Kuna kijana wetu hapa anasoma sheria, yeye anasema mwenye mbwa anawajibika, kwamba kwenye Kanuni ya Adhabu kutochukua tahadhari na mnyama wako ni kosa, na kile kibao cha MBWA MKALI wanachojitetea nacho ndo kinaonyesha walijua mbwa wao ni mkali. Anasema kudai fidia mahakamani muda ni miaka 3, nisitupe risiti wala picha. Lakini nikimwuliza ile karatasi niliyosaini imenifunga au haijanifunga, anasema inategemea, nimtafute wakili au msaidizi wa kisheria. Inategemea nini anti? Wewe unaonaje, mtu akisaini hajui kidonda kitafika wapi, amemaliza kweli?

Mi sitaki hela yake, Mungu ananiona. Ila za sindano arudishe zote, na trei ya mayai pia haijalipwa hadi leo. Kesi sitaki, tutaonana vipi kanisani. Lakini nataka asimame mahali aulizwe mbele ya watu kwa nini hakuja kumwona mtoto. Angekuja siku ile ile akakaa kwenye kochi langu akasema pole, nadhani hata hiyo bahasha ningeirudisha. Ama labda nisingeirudisha, sijui, sindano zilikuwa bado tatu.

Jumamosi hii jumuiya inasalia kwake, ni zamu yake. Mume kasema nisikanyage. Nisipoenda watasema nimeweka kinyongo kwa ajili ya hela, nikienda napita lile geti na mtoto ataniuliza mama unaenda wapi. Anti, niende?

Mama wa mtoto, Moshi