KUH: Mkorogo mliomuuzia binti yangu wa miaka 14, na mlivyomfunua uso mbele ya watu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ingawa adabu hiyo sikuiona Jumanne kwenye kituo cha kuchukulia mizigo cha soko lenu la mtandaoni hapa Mombasa.

Masharti yenu mwayajua, siyarudii. Nielezeni tu krimu yenye neno haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, kwenye boksi lake ilipitaje kwa wakaguzi wenu. Krimu za haidrokwinoni na za zebaki zilipigwa marufuku Kenya mwaka 1998, binti yangu hajazaliwa bado.

Wala msiseme hamkujua umri wake. Programu yenu ilimuuliza tarehe ya kuzaliwa, naye mtoto akaandika ya kweli. Siku alipotimiza miaka 14 mkamtumia pongezi na punguzo la bei, na chini yake picha ya krimu hiyohiyo. Alilipa kwa pesa alizojiwekea tangu Idi. Wiki ya pili mashavu yakaanza kubanduka. Daktari ameagiza apimwe na figo, maana mikorogo mingi hutiwa zebaki, nayo zebaki huharibu figo.

Jumanne tukaja. Mwanangu alikuwa amejitanda mtandio hadi machoni. Mhudumu wenu akasema hapokei malalamiko bila kuona madhara. Nikamwomba tuingie ndani, akanijibu, "Mama, hapa si hospitali. Mwambie afunue." Vijana sita au saba wa bodaboda walikuwa pale wakingoja mizigo. Mwanangu akafunua. Mhudumu akatoa simu yake, akampiga picha, kisha akasema, "Sisi ni soko tu, zungumzeni na muuzaji."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewapigia mara nne, na kila mara naahidiwa kupigiwa.

Soko tu? Hata Marikiti namjua aliyeniuzia, na kikiharibika namrudia kwenye meza yake. Muuzaji wenu kwenye programu ni herufi tatu na namba. Jina lake mnanificha, kamisheni yake mwachukua.

Na narudi kwa Jumanne, kwa sababu silali. Mtoto aliyetoka nyumbani amejisitiri alisimamishwa kaunta, akaamriwa aoneshe uso uliochubuka mbele ya wanaume asiowajua, akapigwa picha kwa simu ya mtu binafsi. Alikuwa amelishika buibui langu kwa mikono miwili. Kijana mmoja wa bodaboda aligeuka akatazama ukuta. Yeye aliona haya, mfanyakazi wenu hakuona. Tangu siku hiyo mwanangu hajaenda shule.

Shemeji yangu anayeishi Ujerumani ameniambia kwamba huko Ulaya sheria inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024 inalilazimisha soko la mtandaoni kumjua muuzaji kabla hajauza, na ikigundulika bidhaa haramu, kuwaarifu walioinunua katika miezi sita iliyopita. Watoto wa Kisauni nao wana ngozi.

Nilikuja Jumanne kutaka tu shilingi 1,350 alizolipa mwanangu. Sasa hazitoshi. Nataka gharama zote za matibabu, vipimo vya figo vikiwemo, na jina na anwani ya muuzaji. Picha ifutwe, na nipewe kwa maandishi ilitumwa kwa nani. Mhudumu huyo na mkubwa wake waje nyumbani wamwombe mwanangu radhi.

Na jana usiku nimeifungua tena programu yenu. Krimu ipo, na bei imeshushwa. Basi iondolewe leo, na kila aliyeinunua aarifiwe aache kuipaka.

Nawapa siku saba. Zikipita, suala la picha nalipeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwani sheria ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na hamkuniomba. Boksi nalipeleka kwa Shirika la Viwango. Fidia nitaidai mahakamani, na Katiba, kifungu cha 46, inanipa haki hiyo. Boksi ninalo, risiti ninayo, ujumbe wenu wa pongezi ninao.

Mama wa msichana mliyemfunua,
Kisauni, Mombasa