Mhariri, kwa baridi ya bara bebeni udi, sandali iacheni Mombasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mwezi wa saba ndo huu na huku Mombasa kila mtu ana safari ya bara, wa chuo, wa harusi, wa kazi, na kwa maduka ya marashi swali ni lile lile, nibebe udi ama sandali? Zote za mti, zote zapasha mwili, basi mtu anachukua ile imemnukia vizuri pale pale dukani. Hapo ndo mi nabishana nao.

Dukani kuna joto jamani. Hata kipupwe hiki mchana twafika digrii 27 na marashi kwa joto yanaruka haraka, ukipaka mafuta ya udi una jasho yanakupiga kichwa, ndani ya matatu watu wanafungua madirisha, kwa hivyo unasema aa huu mkali, nipe sandali. Na sandali hapa ni tamu wallahi, laini ka maziwa, haina fujo. Sasa ipeleke Limuru alfajiri, digrii 10, iko chini ya sweta na jaketi, haitoki! Mpaka mtu akukumbatie ndo aisikie. Udi kwa baridi unatulia, ile harufu ya zizi inayoogopesha watu inashuka, wabaki mti wenyewe na moshi na utamu kwa mbali.

Bei ndo kizungumkuti. Mti wa udi hautoi ile gundi yake nyeusi mpaka ushambuliwe na kuvu, na si kila mti unapata, kwa hivyo vichupa vingi vya bei rahisi ni mchanganyiko wa maabara tu. Mi sina shida nao bora usiuziwe kwa bei ya udi wa kweli. (Wazungu nao wameamka juzi, Yves Saint Laurent wa Ufaransa walitoa marashi ya M7 yenye udi 2002, na huku bibi zetu wanafukiza kanga tangu lini!) Sandali pia usidanganywe, mtu akikunong'oneza kwamba yake ni ya Samburu mulize karatasi, serikali ilipiga marufuku kuvuna msandali wetu tangu 2007.

Kama bado una wasiwasi paka udi mkono huu, sandali ule, usinunue, toka zako utembee Ndia Kuu mpaka Fort Jesus, urudi jioni jasho limekauka ndo unuse tena. Na usiku kabla ya safari tandaza sweta juu ya chetezo ufukize, sufu inashika harufu siku nyingi kuliko ngozi, ila mafuta usiyamwagie nguo nyeupe, doa halitoki.

Kwa wale wanaoenda kukaa ofisini madirisha yamefungwa, tone moja nyuma ya sikio, basi.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa