Nyudi ya nani? Barua kwa Rukia

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Salamu aleikum. Barua yako nimeipata, na huku sote wazima. Unauliza ununue paleti ipi ya nyudi, yaani kiboksi cha rangi za kope, na lipstiki ipi ya nyudi, moja moja tu, za kukutosha harusi zote za kaskazi bila kugeuza mkoba wako duka. Nitakujibu, lakini majina ya kampuni yatakuja mwisho, maana rangi hizi huchaguliwa kwa kope na mdomo wa mtu kwanza.

Tuanze na neno lenyewe, nyudi: ni "nude" ya Kiingereza, yaani rangi inayodaiwa kufanana na ngozi tupu. Paleti iliyowatia watu wazimu kwa rangi za udongo na kahawa ni Naked ya Urban Decay, iliyotoka 2010 ikiwa na rangi 12. Mle ndani mlikuwa na moja iliyopewa jina hilohilo la Naked, yaani uchi, nayo ni ya chai ya maziwa mengi. Sasa wewe mwenye rangi ya maji ya kunde ukiipaka, utafanana na mtu aliyepitiwa na brashi ya chokaa. Uchi wa nani huo? Kwa hivyo usihangaike na maneno ya kifunikoni. Nyudi yako ni rangi isiyopita hatua mbili kutoka kope lako, juu au chini. Jitazame mchana kwenye kioo, bila poda: kwa wengi wetu kope ni jeusi kuliko shavu. Anza kuhesabu hapo.

Katika paleti ya rangi 12 utatumia nne, zikizidi tano. Moja ilingane na kope, isiyong'aa, ya kusawazisha. Nyingine iwe ya tofali au mdalasini, imezidi kope kidogo kwa weusi, ya kupaka kwenye mkunjo. Iwemo kahawa tupu ya pembe ya nje na mizizi ya nywele za kope. Halafu moja ya kumeta, shaba au dhahabu iliyochakaa, na hapo umemaliza. Ile nyeupe ya pembe za ndovu inayowekwa kila paleti eti ya chini ya nyusi, muachie mwenye ngozi yake. Ukizikuta nne hizo kwenye kiboksi cha rangi sita, usilipie cha 18. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mikakasi ya siku hizi ina kioo, sumaku na kibrashi kigumu cha kuchoma kope.

Sasa ufahamu kwa nini rangi iliyopendeza kibokosini hugeuka jivu ukishaipaka. Aishado ya unga, yaani hizo rangi za kope, ni poda nyeupe, hasa talki, maika au udongo wa kaolini, iliyochanganywa na rangi na mafuta kidogo ya kushikanisha, kisha ikagandamizwa. Kahawia zote hizi hutoka kwenye oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Ili kahawia iwe hafifu, hutiwa titani dioksidi, ambayo ni nyeupe pepepe. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo haujulikani. Kwako wewe hukaa juu kama vumbi, na kahawia ikawa kijivu. Nyuma ya boksi oksidi hizo huandikwa CI 77491, 77492 na 77499, na titani ni CI 77891. Usibabaishwe ukiziona zote pamoja baada ya alama ya +/-, kwani orodha ile ni ya paleti nzima, haikuambii rangi ipi ina nini. Hilo utalijua kwa kujaribu tu.

Na kujaribu kuna kwao. Kila mtu huchovya kidole akapaka ndani ya mkono, karibu na kifundo, na muuzaji akasema mashallah. Jaribio hilo ni la uongo mara mbili. Kidole kina joto na mafuta, hivyo hunasa rangi kuliko brashi yoyote. Na ngozi ya ndani ya mkono ni nyeupe kuliko kope. Jaribu nyuma ya kiganja, karibu na vifundo vya vidole, ambako weusi unakaribiana na wa kope. Beba brashi yako safi. Ichovye mara moja, igonge kidogo, pitisha mara tatu. Rangi ya mkunjo ionekane hapo hapo. Ikihitaji kuchovywa mara nne au tano, ni poda tupu. Kisha isugue kwa tishu. Rangi nzuri hufifia lakini hubaki na sura yake, mbovu huacha unga mweupe kwenye mistari ya ngozi.

Usihukumu chini ya taa za duka. Kwenye maduka ya Barabara ya Digo taa nyingine ni za buluu, nyingine za njano, na zote zinadanganya. Sogea mlangoni, kivulini, si kwenye jua la utosi, maana jua kali hufanya kila kitu kimete. Halafu usilipe papo hapo. Nenda zako Marikiti ukanunue bizari, urudi baada ya nusu saa na mkono umeshatoka jasho. Utakachokiona wakati huo ndicho kitakachokuwa usoni mwako kwenye sherehe ya kupamba, saa nne za usiku, ukumbi umejaa na feni zimeshindwa.

Ukikuta vya kujaribia vimewekwa wazi, usivipeleke jichoni wala mdomoni. Macho mekundu na malengelenge ya mdomo huambukizwa hivyohivyo. Unga uliogandamizwa na lipstiki ya mche unaweza kuvipulizia spiriti ya asilimia 70, ukaiacha ikauke, kisha ukafuta tabaka la juu kwa tishu. Lakini lipstiki ya maji na lipglosi, zile za kijiti kinachorudi chupani, hazisafishiki. Kila mdomo uliopita umo mle. Omba kijiti kipya cha kutupa, uchovye mara moja, basi.

Kupaka kwenyewe si kazi ndefu, ila hapa Pwani kuna hatua ambayo huko Nakuru unaweza kuiruka, nayo ni praima, ile krimu ya kutangulizwa kopeni ili rangi ishike. Nusu punje ya mchele kwa kila jicho, itandazwe kwa kidole cha pete hadi kwenye nyusi, kisha subiri dakika moja. Ikiwa bado mbichi, unga utanasa pale ulipoguswa kwanza na kufanya mabaka yasiyosambaa. Konsila, ile krimu ya kuficha madoa, watu huitumia badala yake, nami siipendi kwa kazi hiyo: ni laini, na kwa joto hili hukusanyika kwenye mkunjo ikachora mstari. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, weka kidogo mno na uifunge kwa poda.

Praima ikishashika, pitisha rangi ya kope kote. Kisha chukua brashi laini yenye manyoya mengi, uishike mwisho wa mpini ili mkono usikandamize, fungua jicho utazame mbele, na uweke ile ya tofali juu kidogo ya mkunjo, ukienda na kurudi kama waipa ya gari. Ukiiweka ndani ya mkunjo jicho likiwa limefungwa, ukifungua huioni. Kahawa iingie pembe ya nje kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, kwa sababu kuongeza ni rahisi na kupunguza huharibu. Ya kumeta ipake kwa kidole, katikati tu, kwa kubonyeza. Hapo joto la kidole, lililokudanganya dukani, lina faida. Haya yote yafanye kabla ya poda ya uso, ili unga utakaoanguka shavuni uufagie bila kubomoa kitu.

Jicho likigeuka tope, sababu huwa ni brashi chafu, au umechanganya kahawia yenye wekundu na kahawia yenye kijivu. Usiongeze rangi juu yake. Chukua brashi safi isiyo na kitu, zungusha taratibu, kisha rudisha rangi ya kope ukingoni. Na jasho likikujia, bonyeza tishu. Ukifuta, umefuta vyote.

Siku utakayovaa nikabu, acha kumeta kwenye kope la chini. Ukingo wa kitambaa husugua hapo na kusambaza chembe mpaka puani. Wanja pia uwe wa penseli usioyeyuka. Wa unga wa kienyeji, usiojulikana umetengenezwa na nini, tahadhari nao, kwani wanja mwingi wa aina hiyo umewahi kupimwa ukakutwa na risasi.

Tuje kwenye mdomo, ambako ndiko pesa hupotea zaidi. Midomo ya wengi wetu ina rangi mbili: wa juu mweusi, wa chini una wekundu katikati. Lipstiki moja hafifu ikipita hapo hutoa rangi mbili, na ukiizidisha ili zilingane, unapata mdomo wa mtu aliyelamba unga. Nyudi za waridi-maziwa ndizo zenye balaa hili. Tafuta zenye kahawia na wekundu ndani yake, kama karameli iliyoungua, tofali, kahawa yenye tone la zabibu. Kipimo changu ni ukingo wa mdomo wa chini, pale unapokutana na ngozi. Lipstiki ilingane na hapo kwa weusi, au ipungue hatua moja tu.

Kisha nunua penseli ya kahawa. Wengine hutumia penseli ya wanja, ni sawa ikiwa ni laini na hujaitia jichoni. Chora ukingo, halafu leta rangi ndani kwa brashi, wa juu karibu wote, wa chini robo tu kutoka ukingoni. Hapo midomo miwili imekuwa mmoja, na lipstiki itakaa katikati bila kugombana na chochote. Mstari mkali usiosambazwa huonekana kama sharubu kwenye picha. Lipglosi ni tone moja, katikati ya mdomo wa chini; ukilipeleka hadi ukingoni litateremka na penseli yako.

Lipstiki ya maji isiyong'aa umeisifu, lakini isikilize kwanza. Hukauka kwa sababu kiyeyushi chake huruka hewani na kuacha utando. Tabaka la kwanza liwe jembamba, mdomo ukiwa wazi kidogo, dakika mbili bila kuubana. Ukiongeza la pili juu ya lililokauka, utando huvunjika vipandevipande. Mafuta ya midomo yapake dakika kumi kabla na uyafute, la sivyo hautashika. Tena utando huo hauogopi maji, huogopa mafuta. Chai ya rangi itapita salama, mahamri na viazi karai vitautoa katikati na kukuachia pete pembeni. Ijaribu nyumbani kwa viazi karai kabla hujaivaa harusini.

Na wewe unaswali. Utando usiopitisha maji inabidi utolewe kabla ya udhu, na kuutoa ni mafuta ya nazi, dakika moja, kisha kufuta. Fanya hivyo adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, mdomo utachubuka. Kwa hivyo mchana tumia lipstiki ya mche, inayofutika kwa tishu na sabuni, au tinti, ambayo hutia rangi ngozini kama hina bila kuacha tabaka. Ile ya maji iweke ya usiku, baada ya isha. Na ukisoma orodha ukaona CI 75470, hiyo ni kamini, rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Kuna wasiojali, lakini najua utataka kujua.

Mambo ya kutunza ni machache. Lipstiki ikitoka vijitone vya mafuta usiitupe. Ni joto tu limeyasukuma nje ya nta. Iache mahali pa baridi, uipanguse. Ikinuka mafuta yaliyochacha, hapo itupe. Unga ukiota utando mgumu usiotoa rangi, ni mafuta ya ngozi yako yaliyobebwa na brashi. Bandika selotepu juu, bonyeza, bandua. Rangi ikivunjika safarini, iponde yote, tia matone ya spiriti hadi iwe uji mzito, igandamize kwa tishu na sarafu, iache wazi siku nzima. Vile vifuko vidogo vya boksi za viatu vinavyonyonya unyevu, viweke ndani ya mkoba. Na mkoba usiuache garini, hata kwa nusu saa.

Sasa majina. SuzieBeauty, aliyoianzisha Suzie Wokabi, na Pauline Cosmetics, aliyoianzisha Nelly Tuikong, zote zimezaliwa hapahapa Kenya, anza kuzitazama hizo. Za nje, hakikisha zina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, namba ya toleo, na kile kichupa kilichochorwa wazi chenye 12M au 24M, yaani miezi ya kutumia tangu kufungua. Paleti ya jina kubwa inayouzwa bei ya kilo ya nyanya, ipite kama huijui.

Osha brashi zako usiku wa mwisho kabla ya safari, kwa sabuni ya mche, maji yasiingie kwenye bati la shingo maana gundi hulegea. Usingoje kuziosha huku. Kwa unyevu wa Mombasa utaziamkia bado mbichi. Na uje na penseli yako ya kahawa, ya kwangu imebaki kipande cha ukucha.

Shogako,
Mwanaisha