Bata hawana jini, madume ndo wamezidi

Mhariri,

Salaam kutoka huku Muyeye, Malindi. Mie msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa kilimo ndo naanza nao kabla hata ya mpira, lakini kila nikifungua ni kuku, mara chanjo ya kuku mara banda la kuku, sisi wa bata mmetusahau kama vile bata hafugwi nchi hii. Basi leo nimeona niandike mwenyewe, maana wiki jana jirani yangu kachinja bata wake wote kwa hasira, nlipomuuliza kulikoni akanambia hawa wameingiliwa na jini. Hawakuingiliwa na kitu. Alikuwa na madume saba na majike matatu kwenye ua ambao kitanda na kabati vingeujaza.

Nayajua haya kwa sababu mwaka juzi yalinikuta mie. Nlinunua vibata 10 sokoni, hawa wetu wa kawaida wenye uso mwekundu, wasiolia kwaa kwaa bali wanafoka tu kama nyoka, na muuzaji akaniapia wengi humo ni majike. Nami ntajuaje, kibata cha wiki moja ni manyoya na mdomo tu. Nikalea kwa machicha ya nazi na pumba na makombo ya wali, mvua ikinyesha wanajitafutia konokono wenyewe, raha mustarehe. Walipofika kama miezi mitatu nikaona sita wamepanuka vifua, miguu minene, ukimshika unahisi uzito, na wanne wamebaki wembamba wembamba. Dume wa bata hawa akikomaa huwa karibu mara mbili ya jike. Hapo ndo ningeshtuka, lakini wapi, nikawa nawaonyesha wageni kwa kujisifu.

Walipotimiza miezi sita pakawa hapakaliki. Madume sita wanamfukuza jike mmoja uani kote, akichoka wanampanda kwa zamu, wengine wanamvuta manyoya ya shingo kwa nyuma mpaka ikabaki ngozi tupu nyekundu, mwengine anachechemea, mwengine haji hata kula anajificha nyuma ya tangi la maji. Wenyewe kwa wenyewe nao ni mabawa na makucha kutwa. Nlikuwa na pipa la plastiki nimelikata nusu la kuogea, na bata hupenda kupandana majini, basi asubuhi moja nakuta jike kafa mle ndani, hana ugonjwa wowote, wamemkalia mpaka kichwa kikazama. Bata kufa maji, hebu fikiria! Nikiwasimulia watu walidhani nafanya mzaha.

Kisha wakahamia kwa kuku. Hapa naomba radhi kwa wasomaji wenye haya lakini lazima lisemwe, kwa sababu wengi tunawachanganya banda moja na hatujui: jogoo hana uume wa kuingiza, yeye na kuku hugusanisha matundu tu na kazi imekwisha. Dume wa bata anao, tena mrefu na umejipinda kama skrubu. Akimpanda kuku anaweza kumchana ndani kabisa, na kuku wangu mmoja wa kutaga alikufa hivyo hivyo anatoka damu, na mie nikadhani kang'atwa na paka.

Nikenda duka moja la dawa za mifugo nikaeleza yote, nikauziwa dawa ya minyoo na vitamini. Minyoo sijui kama walikuwa nayo, ila madume walizidi nguvu walahi.

Alonifungua macho ni mzee mmoja wa Mambrui ambae kafuga bata tangu ujana wake. Hakuja hata kuwatazama. Akaniuliza tu, "Mwanangu, kuku wako una majogoo wangapi?" Nikamwambia mmoja, baba. "Na kwenye bata umeeka sita wa nini?" Sikuwa na jibu.

Hesabu yenyewe ni hii: dume mmoja kwa majike wanne au watano, hata sita wanaenda. Na kama wataka mayai ya kula tu basi dume humhitaji kabisa, jike anataga bila dume sawa na kuku, yai halitaanguliwa ila kwenye kikaango halina tofauti. Watu wengi hapa mtaani nikiwaambia hili wananibishia mpaka leo.

Kwa hiyo ujanja ni kuwajua mapema. Hawa wenye uso mwekundu tazama umbo na miguu kuanzia miezi miwili mitatu. Wale weupe wanaopiga kelele ni rahisi zaidi, anaelia kwa sauti kubwa ni jike, dume sauti yake imekwaruza kama mtu alolala na feni, na baadae huota nyoya la mkia lililojikunja kwa juu. Hilo nyoya usilitafute kwa mwenye uso mwekundu, hana, kuna mtu kakaa kulisubiri mwaka mzima. Tena usichukue dume wa uso mwekundu ukamuekea majike wa wale weupe ukategemea ukoo, watazaliwa vibata wakubwa wa nyama ila wao wenyewe hawazai, kama nyumbu yule wa punda na farasi.

Ukishawajua, waliozidi uamue kabla hawajaanza fujo. Mie nachinja kwenye miezi mitatu hadi minne, nyama bado laini, ukingoja dume akomae sawasawa nyama inakuwa ngumu na ina harufu ambayo tui la nazi mbili halifichi. Wengine nawauza wazima karibu na Idd. Na kama roho haikupi kuchinja, watenge. Hili lilinishangaza kuliko yote, nlizungushia waya wa kuku kwenye kona ya ua nikawaeka madume wanne pamoja, hakuna jike ndani, siku mbili tatu walisukumana kidogo kisha wakatulia, wanalala wamebanana kama ndugu wa kweli. Yaani shida haikuwa tabia zao. Ila kosa usilifanye la kumuingiza jike mmoja mle kwa huruma ati wasikae wapweke, utamuua.

Yule jike wa shingo nlimtenga peke yake kama mwezi, maji safi na kivuli na kuzuia nzi tu, manyoya yakarudi. Na lile pipa nikalitupa, sasa naweka karai pana la kina kifupi ambalo jike akikanyaga chini kichwa kinabaki juu.

Jengine la haraka, dume nliebakisha nimebadilishana na mtu wa Gede maana wangu alikuwa ndugu wa majike wangu, na vibata wa ndugu kwa ndugu ukiendelea nao hivyo vizazi na vizazi wanadhoofika. Na mayai ya hawa bata huatamiwa siku 35, sio 21 za kuku wala 28 za wale weupe, nawaomba msiyatupe mkiona mwezi umepita.

Huyo jirani nshamwahidi majike wanne katika vibata nlionao sasa. Atawapata wakifika miezi mitatu nikiwa nimehakikisha miguu yao, dume atajitafutia mwenyewe kwengine, na wenye miguu minene wanabaki hapa wanangoja chungu changu.

Mfugaji wa Muyeye,
Malindi